Ubariki Chakula Hiki

Ukitaka habari za John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, nitafute mimi. Nitakuambia kwamba moyo wake uliingiwa na joto la ajabu tarehe 24 Mei 1738, mtaa wa Aldersgate, London, akisikiliza utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi ukisomwa. Hata saa nitakutajia: ilikuwa yapata saa tatu kasorobo usiku. Vijana wa kanisa letu hapa Bagamoyo waliniita Maktaba, nami sikuwakataza.

Jumapili moja nikafundisha imani. Wanateolojia wa zamani waliipa sehemu tatu: kujua, kukubali na kutumainia. Nikachora ubaoni, mishale huku na huku, nikafunga na Yakobo 2:19: "Mashetani nao waamini na kutetemeka." Bibi mmoja, aliyekuwa nyuma akisubiri tutoke afagie, akaniuliza, "Na wewe mwanangu, umefika ya ngapi?"

Swali la namna hiyo ndilo Spangenberg, kiongozi wa Wamoraviani, alilomwuliza Wesley kule Georgia, Marekani, mwaka 1736: unajua kwamba Kristo amekuokoa wewe? Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nikamjibu bibi kwa Kigiriki.

"Ahsante, baba," akasema, akachukua ufagio wake.

Julai, vijana wakapanga matembezi ya kwenda kwenye fungu la mchanga. Mimi ni mtu wa Kongwa. Maji mengi niliyoyazoea ni ya kwenye pipa. Nahodha, mzee mwenye kikoi kilichopauka, alipiga bismillahi, tanga likatwekwa, tukaenda salama. Wali tuliula huko, na kama kawaida sala ya chakula niliiongoza mimi.

Wakati wa kurudi, kusi likachachamaa. Nikaona niwatulize vijana kwa kisa cha Wesley akivuka bahari, Januari 1736. Wimbi likapasua tanga kuu, maji yakafurika sitahani, Waingereza wakapiga mayowe. Wamoraviani kutoka Ujerumani, kanisa lilelile la ndugu zetu wa Mbeya na Tabora, wakaendelea kuimba zaburi. Baadaye Wesley akamwuliza mmoja wao kama wanawake na watoto wao hawakuogopa. Akajibu, la, wanawake wetu na watoto wetu hawaogopi kufa.

"Je, sisi tungekuwa upande upi?" nikauliza, kidole juu.

Wimbi likatupiga ubavuni. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekumbatia mguu wa nahodha kwa mikono miwili.

"Fueni maji!" nahodha akafoka. Vijana wakashika makopo. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, omba!"

Nikafumba macho tena, nikaitafuta Zaburi ya 107, ile ya washukao baharini katika merikebu. Naijua yote kwa moyo. Kilichotoka kinywani ni hiki: "Bwana, ubariki chakula hiki, na mikono iliyokiandaa."

"Amina," wakaitika wote. Mazoea, jamani.

Nahodha akaniangalia kule chini nilikokuwa. "Mwalimu, dua hiyo waachie papa. Na mguu wangu niachie, nina usukani hapa."

Tulikuwa tumekaribia ufukoni, maji yamepwa. Nikauachia mguu, na papo hapo mashua ikakwaa mchanga, ikasimama ghafla. Mimi sikusimama. Nikaenda zangu baharini kichwa mbele.

Petro katika Mathayo 14:30 alikuwa na maneno mawili: "Bwana, niokoe." Mimi nililipata moja tu, jina lake Yesu, mengine nikayamalizia kwa Kigogo, lugha ambayo sijawahi kuomba nayo mbele ya watu. Hapakuwa na "tunakuja mbele zako kwa unyenyekevu", wala sura, wala mstari.

"Simama!" nahodha akasema.

Nikasimama. Maji ya kiunoni. Akina mama waliokuwa wakisubiri samaki ufukoni walicheka hadi wakashikana mabega. Sasa hapa ndipo sielewi: nimeshasimama, hatari imekwisha, na bado nilikuwa namwita, machozi na chumvi vikinitiririka, na wala sikuona aibu. Kifua kilikuwa chepesi. Nahodha alidhani nimeumia, akashuka kunishika mkono.

Habari ilifika kanisani kabla yangu. Jumapili bibi alinisubiri mlangoni.

"Nasikia ulimwita."

"Nilimwita, Bibi."

"Kwa Kigiriki?"

"Kwa Kigogo."

Akanitazama juu mpaka chini, akanipa ufagio. "Basi leo fagia wewe, mimi nikapumzike."