Asilimia 98 ya Nini? Mashine za Kupukuchua na Punje Tusizozipima

Fungua ripoti yoyote ya utafiti kuhusu mashine ya kupukuchua mahindi, ruka utangulizi, nenda kwenye hitimisho. Utakuta maneno yanayofanana kama pacha: ufanisi wa kupukuchua ni asilimia 98, mashine inatoa kilo kadhaa kwa saa, inamfaa mkulima mdogo. Sasa rudi nyuma utafute mambo matatu: unyevu wa mahindi siku ya jaribio, kipenyo cha ngoma (ile silinda yenye meno inayozunguka ndani ya mashine), na asilimia ya punje zilizovunjika. Mara nyingi mno kimojawapo hakipo. Kuna ripoti ambazo hazina hata kimoja.

Hili linanikera, na sioni sababu ya kulisema kwa kunong'ona. Mhandisi anayechapisha uwezo wa mashine bila kusema imeifanya nini nafaka ameacha nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo mkulima ndiye atakayeilipia ghalani.

Tuanze na hiyo asilimia 98. Ni uzito wa punje zilizotoka kwenye gunzi, ukigawanywa kwa uzito wa punje zote zilizoingia. Basi. Haiulizi punje imetoka nzima au imetoka vipande. Kwa kipimo hicho peke yake, mashine inayosaga kila punje kuwa chenga ingepata asilimia 100, kwa sababu hakuna iliyobaki kwenye gunzi.

Kinachovunja punje ni kasi ya jino la ngoma linapoigonga. Mizunguko kwa dakika haitoshi kukuambia kasi hiyo. Zidisha 3.14 kwa kipenyo cha ngoma kwa mita, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 60. Ngoma ya milimita 300 inayozunguka mara 900 kwa dakika ina kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde kwenye ncha ya jino. Mtafiti akiandika "mizunguko 900" bila kipenyo, hajatuambia kitu: kwa ngoma ya milimita 400, mizunguko hiyo hiyo inafika karibu mita 19 kwa sekunde, na hiyo ni mashine nyingine kabisa.

Na nishati ya pigo haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa mraba wake. Chukua hali inayotokea kila msimu. Injini ya petroli inazunguka mara 3,600, ina puli (gurudumu la mkanda) ya milimita 75, ngoma ina puli ya milimita 300, kwa hiyo ngoma inakwenda 900. Puli ya ngoma inapasuka, na iliyopo karibu ni ya 200. Fundi analegeza skrubu, anavuta puli mbovu, anapachika ya 200, anatafuta mkanda mfupi zaidi, anakaza, anawasha. Ngoma sasa inakwenda 1,350. Magunzi yanatoka meupe, kazi inakwenda haraka, kila aliyesimama pale anaridhika. Lakini kasi imepanda mara moja na nusu, na nishati ya kila pigo imepanda mara mbili na robo. Ukipima ufanisi wa kupukuchua siku hiyo, huenda ukaupata umeongezeka. Hapo ndipo ninaposema kipimo hiki kinadanganya: kinapanda wakati mashine inaharibu zaidi.

Mwendeshaji naye ana sababu zake za kuongeza kasi, na nyingine zinatokana na mchoro wenyewe. Nafasi kati ya meno ya ngoma na wavu wa chuma ulio chini yake inatakiwa iwe pana mwanzoni, pale hindi zima linapoingia, na ipungue kidogo kidogo hadi karibu na unene wa gunzi tupu. Mashine nyingi zinazochorwa zina nafasi moja iliyochomelewa isiyobadilika. Yakija mahindi membamba, yanapita na punje zake. Mwendeshaji hana bolti ya kuinua wavu, kilichobaki mkononi mwake ni wenzo wa mafuta wa injini, naye anauvuta. Yakija mahindi manene, magunzi yanasagika, vipande vyake vinaziba matundu ya wavu, punje zilizokwisha kutoka zinashindwa kuanguka na zinaendelea kugongwa. Boriti mbili za kubeba wavu, zenye matundu marefu badala ya ya duara, zingetosha kumpa mtu nafasi ya kurekebisha. Ni suala la kuchora tundu kwa umbo tofauti.

Unyevu ndio unaoamua pigo lile litafanya nini. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 25 yana punje laini zilizoshikamana sana na gunzi. Jino likipiga, punje inabonyea au inachanika pale kwenye ncha, na kiini kinaumia. Chini ya asilimia 13 hali inageuka: punje imekuwa kavu kama kigae, inapasuka badala ya kubonyea. Katikati, kati ya asilimia 15 na 20 hivi, punje inaachia gunzi bila kupigwa sana. Kisha zinaanikwa mpaka karibu asilimia 13.5 kabla ya kuingia kwenye magunia. Jaribio lililofanywa kwa mahindi yaliyokauka vizuri kwenye banda la chuo halimwambii lolote mtu anayepukuchua yakiwa bado mabichi kwa kuikimbia mvua.

Unyevu pia unachezea ule "uwezo kwa saa". Kilo 600 za punje zenye unyevu wa asilimia 25, zikikaushwa mpaka 13.5, zinabaki kilo 520. Hizo 80 zilikuwa maji. Mtafiti mmoja akipima mahindi mabichi na mwingine makavu, wa kwanza ataonekana ametengeneza mashine bora, kumbe alikuwa anapima maji. Hesabu ya kurekebisha ni mstari mmoja: uzito wa mwanzo, mara 100 ukiondoa unyevu wa mwanzo, gawanya kwa 100 ukiondoa unyevu wa mwisho. Sijui udhuru wa kutoiweka.

Lakini hata watafiti wanaopima uvunjikaji, wengi huishia kwenye kile jicho linachokiona. Wanachekecha sampuli kwa chekeche la matundu ya duara ya milimita 4.76, wanapima kilichopita, wanaandika "chenga asilimia 2". Ufa uliojificha hawauoni. Punje inaweza kuwa na umbo lake lote, inang'aa, imejaa mkononi, na bado ganda lake limekatika.

Kipimo chake ni rahisi kiasi kwamba kinauma kuona kinarukwa. Chukua rangi iitwayo Fast Green, gramu moja kwa lita moja ya maji. Chukua punje 100 zinazoonekana nzima. Zilowanishe dakika tano, mwaga, suuza kwa maji safi mpaka maji yatoke bila rangi, kisha zimwage juu ya karatasi nyeupe. Punje yenye ganda zima inabaki na rangi yake. Iliyokatika inakuonyesha: mstari wa kijani mwembamba kama unywele ubavuni, au doa kwenye utosi pale jino lilipotua, au kingo nzima ya kiini imekolea. Tahadhari moja: ncha ile iliyokuwa imeshika gunzi hunywa rangi kidogo hata kwa punje isiyoguswa. Kwa hiyo pukuchua punje nyingine 100 kwa mkono, kutoka kwenye mahindi yale yale, uzilowanishe kando. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili ndiyo kazi ya mashine yako.

Mstari huo wa kijani ndio mlango. Kuvu wa Aspergillus flavus, anayetengeneza sumukuvu, hupata taabu kupenya ganda zima, lakini kwenye ufa anaingia na kukuta wanga na mafuta ya kiini. Wadudu wa unga wanaoshindwa kuianza punje nzima wanaishi vizuri kwenye chenga na nyufa. Fukusi na dumuzi wao hawangoji ufa, hilo nalikubali. Punje iliyopasuka pia hupumua zaidi, inatoa joto na maji, na kulowesha majirani zake ndani ya gunia. Mkulima ataona ukungu miezi mitatu baadaye na kulaumu gunia, au ghala, au dawa. Hatakumbuka puli. Sisi tunaojua ndio tuliopaswa kumwambia.

Ikiwa mashine inakusudiwa kwa mbegu, pima uotaji, hakuna njia ya mkato. Punje 400 katika mafungu manne ya 100, nyuzi joto 25, hesabu ya kwanza siku ya nne na ya mwisho siku ya saba, sambamba na fungu lililopukuchuliwa kwa mkono.

Namna ya kuchukua sampuli nayo ina mitego yake. Dakika ya kwanza ngoma ikiwa bado tupu, punje zinagongana na chuma moja kwa moja. Ngoma ikijaa, punje na magunzi vinakuwa mto baina ya jino na wavu, na uvunjikaji unapungua. Anayelisha hindi moja moja kwa upole ili jaribio "liende vizuri" anapata chenga nyingi kuliko anayelisha mfululizo. Subiri mashine itulie kwenye kazi ndipo uchote, na uchote kwenye milango yote mitatu: wa punje, wa feni na wa magunzi. Upotevu mkubwa hujificha kwenye pumba zinazopulizwa na feni na kwenye magunzi yanayobeba punje huru. Na upime mizunguko ya ngoma ikiwa na mzigo. Ngoma inayosoma 900 ikiwa tupu inaweza kushuka ikilishwa, kwa sababu injini inazidiwa na mkanda unateleza. Namba ya ngoma tupu haina nafasi kwenye jedwali la matokeo.

Najua jibu litakalokuja. Unyevu wa aina tatu, kasi tatu, viwango vitatu vya kulisha, kila kimoja kirudiwe mara tatu: hayo ni majaribio 81. Kwa kilo 20 kila jaribio unahitaji kilo 1,620 za mahindi, na mwanafunzi ana muhula mmoja na magunia machache. Ni kweli, na silipuuzi. Basi fanya tisa: kasi tatu, kila moja mara tatu, kwa unyevu mmoja na ulishaji mmoja. Kilo 180 zinatosha. Ila andika waziwazi kwamba matokeo ni ya unyevu huo tu, na uupime huo unyevu kikweli: punje nzima kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 72, uzito kabla na baada. Ile njia ya kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa, ukaangalia kama chumvi inaganda kwenye kioo, ni nzuri kwa mkulima kwa sababu inamwambia kama amevuka takriban asilimia 15. Kwenye ripoti ya utafiti haitoshi.

Kuna mengine nitayataja kwa haraka. Mdomo wa kulishia: mkono wa mtu mzima hadi begani unafika milimita 850, na kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, ISO 13857, kinautumia umbali huo, lakini bado tunachora midomo ambayo kiganja kinafika kwenye meno. Usawazishaji wa ngoma: gramu 100 zilizozidi upande mmoja, milimita 150 kutoka katikati, kwenye mizunguko 900 zinavuta beringi kwa takriban niutoni 133, zikizunguka mara 15 kila sekunde. Kwenye 1,350 zinakuwa niutoni 300. Na michoro: taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, huko Ufilipino, miaka ya 1970, iliwapa watengenezaji michoro ya mashine yake ya kupura mpunga, na mashine hiyo ikasambaa Asia. Mchoro uliofungiwa kwenye kabati la idara haupukuchui chochote.

Ninachotaka kwa sasa ni kidogo. Jedwali la matokeo liwe na safu sita zisizokosekana: unyevu, kasi ya ncha ya jino kwa mita kwa sekunde, kiasi cha kulisha, punje zilizobaki kwenye gunzi, chenga, na nyufa za kijani. Kisha matokeo hayo yashuke mpaka kwenye mashine yenyewe. Bati dogo, lipigwe chapa kwa herufi za chuma na kufungwa kwa riveti kwenye fremu, upande wa puli, pale macho ya fundi yanapokuwa anapolegeza skrubu: kipenyo cha ngoma 300. Puli ya ngoma 300, ya injini 75. Mizunguko 900, isizidi. Unyevu 15 hadi 20.