Nusu Siku Haitoshi Macau

Mtu akiuliza habari za Macau, mji wa pwani ya kusini mwa China, hujibiwa vilevile: ukiwa Guangzhou kufuata mzigo, tenga nusu siku, vuka, piga picha kwenye magofu ya kanisa la São Paulo, chungulia kasino, rudi. Ushauri huu unaniudhi, na unaniudhi zaidi ukitoka kwa mtu wa pwani kwenda kwa mtu wa pwani mwenzake. Pale Macau kuna sahani inayotuhusu, na anayepita mbio haioni.

Kwenye orodha ya vyakula imeandikwa galinha à africana, yaani kuku wa Kiafrika. Wapo wanaosema ni jina tu la kuvutia watalii, eti Afrika hakuna kuku wa namna hiyo. Nakubali kwamba ukimwagiza Maputo hutaletewa yuleyule, na hata humo Macau kila mkahawa unampika kivyake: huyu mchuzi mwekundu mwingi, yule mkavu wenye ukoko wa karanga. Lakini nani amewahi kusema biriani ya Mombasa ni ya uongo kwa kuwa Bara Hindi wanaipika vingine? Tazama vilivyomo: pilipili, tui la nazi, karanga, kitunguu saumu. Tazama na njia yenyewe: kuku anabanikwa kwanza, mchuzi mzito unafuata juu yake. Aliyelelewa kwa kuku wa kupaka hahitaji kuelezwa zaidi. Kule Zambézia, Msumbiji, wana frango à zambeziana, kuku wa kubanikwa kwa tui, ndugu yao mwingine. Hata pilipili yenyewe Wareno wanaiita piri-piri, neno walilolichukua Afrika, ndugu wa neno letu.

Sahani hii haikufika Macau kwa bahati. Wareno walikaa Macau tangu 1557 hadi tarehe 20 Desemba 1999 walipoirudisha China, na njia ya merikebu zao ilipita Kisiwa cha Msumbiji, Goa na Melaka. Merikebu hizo zilibeba viungo, na zilibeba watu. Tarehe 24 Juni 1622 Waholanzi walipoteremka kuuteka mji, miongoni mwa waliowarudisha baharini walikuwamo watumwa wa Kiafrika waliopewa silaha. Karne ya ishirini kulikuwa na askari kutoka Msumbiji katika ngome za mji; Julai 1952 walikuwapo kwenye mapigano na askari wa China pale Portas do Cerco, lango la mpakani. Mtu akisimama kwenye Fortaleza do Monte, ngome ya kilimani, akaiona ile mizinga bila kujua nani alipigana pale, kwa kweli amepiga picha ya mawe.

Ukitaka kumpika kuku huyu wa Kiafrika nyumbani, chukua kuku wa kilo moja na nusu, mpasue mgongoni umlaze bapa. Mpake chumvi, kitunguu saumu, pilipili ya kusaga na vijiko viwili vya chai vya paprika, alale na viungo usiku kucha. Mbanike hadi akaribie kuiva. Kwa mchuzi, kaanga vitunguu na saumu kwa moto mdogo, tia nyanya mbili, kisha vijiko vinne vya karanga zilizosagwa, nazi iliyokunwa kiganja kimoja, mwisho tui zito kikombe kimoja. Mwagia juu ya kuku, rudisha kwenye joko dakika kumi hadi uso ushike rangi. Wengi huharibu mahali patatu. Paprika ikipigwa na moto mkali inaungua na kuwa chungu, na uchungu ule hauondoki. Tui likichemka kwa nguvu linakatika. Karanga za kopo zenye sukari zinafanya mchuzi uwe kama peremende. Saga zako mwenyewe.

Minchi nayo usiiache: nyama ya kusaga ikaangwe kwa sosi ya soya, viazi vya vipande vidogo, yai juu. Ni chakula cha nyumbani cha Wamakau, watu wa damu mchanganyiko ambao lugha yao, patuá, wamebaki wachache mno wanaoizungumza.

Sasa safari. Kosa linalowagharimu watu wetu ni viza. Kutoka Zhuhai, mji wa China bara unaopakana na Macau, kuingia Macau ni kutoka China bara kiuhamiaji. Mwenye viza ya China ya kuingia mara moja ameimaliza hapo, na mzigo wake umebaki Guangzhou. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi kabla hujaondoka nyumbani. Treni kutoka Guangzhou Kusini inakushusha Zhuhai, hatua chache tu kutoka Gongbei, forodha ya kuvukia kwenda Macau. Kutoka Hong Kong kuna boti ya saa moja hivi, au basi la daraja lililofunguliwa 2018.

Basi la mjini ni pataka 6, pataka ikiwa ndiyo fedha ya Macau, na dereva harudishi chenji, kwa hiyo weka sarafu. Dola ya Hong Kong inapokelewa kila mahali, lakini pataka utakazobaki nazo ukivuka kwenda Hong Kong hazikufai, zimalize.

Usianzie magofuni. Anzia kusini, Barra, kwenye hekalu la A-Má, saa moja asubuhi. Panda taratibu kupita kambi ya Wamoori, iliyojengwa 1874 kwa askari kutoka Goa, kisha kiwanja cha Largo do Lilau, kisha Nyumba ya Mandarini (hufungwa Jumatano), kanisa la São Lourenço, uwanja wa Senado. Magofu yaache mwisho kabisa, jioni, makundi ya watalii yakishaondoka. Wanaoanza nayo saa nne asubuhi hukutana na umati unaojaza ngazi zote, kisha huondoka wakisema mji hauna kitu. Wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya China, usiende kabisa.

Kasino ndizo zinazoilipa serikali na watu wake, hilo sibishi.

Lala usiku mmoja, mbili ni bora. Mchana wa siku ya pili vuka hadi Coloane, upande wa kusini wa Macau, barabara inakopungua kelele, uagize kuku yule, na umwulize mwenye mkahawa anatumia nazi mbichi au kavu.