Siyo Euro 40, Ni 25

Naona ile sauti ya dakika tatu aliyoirekodi rafiki yangu kunihusu imeshafika Tanga, maana shangazi kanipigia asubuhi hii kuniuliza kama ni kweli huku Brussels nanoa nyembe kwa sabuni. Basi ngoja niseme mwenyewe kabla haijavuka kwenda Muscat. Na kwanza kabisa, bei ya kile kisanduku nilichonunua sokoni: siyo euro 40. Ni 25. Yule rafiki yangu (anajijua, na futari yangu haigusi tena) ameongeza chumvi na ndimu juu yake.

Wanaonifuata siku zote wanaujua ugonjwa wangu. Wembe wa kukunja, mkanda wa ngozi nyuma ya mlango, na kile kinoo cha njano ninachokililia tangu mwaka juzi. Kwa wageni: kinaitwa kotikuli. Ni jiwe la milima ya Ardennes hapa Ubelgiji, pande za Vielsalm na Salmchâteau, rangi yake krimu, na ndani lina vijichembe vya madini magumu yaitwayo ganeti, vinavyokula chuma polepole, taratibu, mpaka wembe unakata unywele unaoning'inia. Tabaka lake ardhini ni jembamba, ndiyo maana wazee walikuwa wakiligandisha juu ya sleti nyeusi lisije likavunjika. Vinyozi wa nchi nyingi wamelitumia. Mimi nakaa mwendo wa saa mbili tu kutoka machimboni na sina hata kipande.

Sasa Jumapili niko soko la mitumba, Place du Jeu de Balle, nikaona kisanduku cha mbao. Ndani: wembe wenye kutu, kibonge cha njano cha mstatili kimeng'ang'ania kwenye shimo lake, na pembeni kijiwe cheusi kimejaa grisi kama kimeokotwa gereji. Nikamuuliza muuzaji, hiki nini? Akasema, "Pierre." Jiwe. Hakuonyesha ni kipi. Wadau, kariri hapo: hakuonyesha ni kipi.

Nyumbani nikafanya uchunguzi, tena wa kitaalamu, msinione mjinga hivi hivi. Nikadondosha siki, maana jiwe likitoa vipovu hilo ni marumaru au chokaa. Halikutoa kitu. Nikachukua kioo cha kukuzia: vijidoti vya kahawia! Ganeti! Na katikati vimistari vyeusi, vyembamba, vimepinda kidogo. Kotikuli halisi huwa na mistari ya madini ya manganizi, hilo nalijua hata ukiniamsha usiku. Nikaipiga picha ile mistari, nikaituma grupu na maneno "ALHAMDULILLAH".

Nikalinyunyizia maji, nikasugua wembe. Kotikuli hutoa uji mweupe kama maziwa. Huu ulikuwa mweupe kuliko maziwa. Tena ulikuwa unapanda. Nikasema labda ni la daraja la juu.

(Ndiyo, najua kuna kipimo cha uzito: unapima jiwe likiwa kavu, kisha likiwa limening'inia ndani ya maji, unapiga hesabu. Kotikuli ni zito kwa ajili ya zile ganeti. Lakini mke wangu alikataa mzani wake wa ngano usiwekewe mawe ya sokoni, na kibonge chenyewe hakikutaka kutoka kwenye shimo lake. Lawama tugawane.)

Kijiwe cheusi nikampa yeye asugulie visigino. Siku ya pili akalalamika: "Jiwe lako hili halisugui, linateleza kama sahani." Nikamwambia wewe huna shukrani.

Jumamosi nikabeba kisanduku mpaka Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kwa mzee mmoja wa Bukavu anayenyoa pale miaka mingi. Saluni imejaa. Rafiki yangu mwenye sauti naye yupo, anasubiri zamu, simu mkononi. Nikakiweka kisanduku mezani kama mtu anayeweka mahari. Nikahutubia. Nilianzia Salmchâteau, nikapita kwenye ganeti, nikafika kwenye manganizi, watu wamenyamaza, hata mashine ya kunyolea imezimwa. Mzee akavaa miwani. Akainama. Akanusa.

Akanusa mara ya pili.

Hakusema neno. Akafungua droo taratibu, akatoa brashi ya ndevu. Akaichovya kwenye maji ya moto, akaikung'uta mara moja, mara mbili. Akaishusha juu ya kotikuli yangu, akaanza kuizungusha. Mimi bado nilikuwa natabasamu, nikidhani ni ufundi wa kizamani wa kuamsha jiwe. Povu likapanda. Likapanda likajaa kisanduku, likamwagika mezani, jeupe, zito, zuri kweli kweli. Mzee akaninyanyua kidevu kwa kidole kimoja, kama mtoto, akanipaka povu kuanzia sikio hili mpaka sikio lile. Mdomoni pia. Kisha ndipo akasema:

"Mudogo yangu, hii haiko jiwe. Iko sabuni ya ndevu."

Kicheko chake sikielezi. Kuna mteja aliteremka kwenye kiti na shuka lake shingoni akaenda kuchekea nje. Mimi nimesimama, povu linakauka usoni, ninachowaza ni kimoja tu: kama hii ni sabuni, ile mistari ya manganizi ni nini? Mzee akachomoa mmoja kwa kucha, akauinua kwenye taa.

Ndevu. Ndevu za marehemu fulani wa Kibelgiji, na mimi nimezituma grupu na kumshukuru Mungu.

"Mu sanduku mulikuwa na kitu ingine?" mzee akauliza.

Hapo magoti yakaniisha. Sikumbuki nilivyofika kituo cha metro, na uso nilikuja kuufuta ndani ya behewa.

Mke wangu alikuwa amekaa barazani, miguu ndani ya beseni. Wiki nzima ya maji ya moto na sabuni ilikuwa imeing'oa grisi yote. Kijiwe kilikuwa mkononi mwake, krimu juu, sleti nyeusi chini, mstari wa gundi umenyooka katikati, na uso wake umebonyea kidogo kwa kazi ya kinyozi wa zamani. Nikamwomba kwa adabu zote. Akaniuliza nilinunua kisanduku bei gani.

Nimelipa 10. Zile 15 zilizobaki anasema nimwombe shangazi.