Mtoto wa Lesotho anavyoisumbua hoja ya Chomsky

Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky alikisambaratisha, kwa uhakiki mkali, kitabu cha mwanasaikolojia B. F. Skinner, aliyeona kuwa lugha ni tabia inayojengwa kwa mazoezi na tuzo. Mbona mtoto hutunga sentensi ambazo hajapata kuzisikia? Kwa Chomsky, msingi wa sarufi tunazaliwa nao.

Wafuasi wake wakaenda mbali zaidi. Watoto wa Kiingereza huchelewa kuimudu kauli ya kutendwa (kama “kimepikwa” badala ya “amepika”), wengine hadi miaka minne au mitano. Basi mwaka 1987 Hagit Borer na Kenneth Wexler wakadai kuwa ubongo wenyewe unakuwa haujakomaa kwa muundo huo.

Lesotho ikawaumbua. Mwanaisimu Katherine Demuth alirekodi mazungumzo ya watoto huko, akawakuta wanatumia kutendwa kabla ya kufikisha miaka 3. Sababu iko jikoni. Sisi tunauliza “Nani amepika chakula?” na maisha yanaendelea. Kisotho hakiruhusu “nani” kuwa kiima cha sentensi, kwa hiyo mama huuliza “Lijo li phehiloe ke mang?”, yaani chakula kimepikwa na nani. Mtoto anakua akisikia kutendwa kutwa nzima. Waliodai kwamba labda anakariri tu walijibiwa mwaka 2010: watoto wa miaka 3 walipewa vitenzi vya kubuni, wakavitia navyo katika kutendwa.

Ubongo, kumbe, hupiga hesabu ya unachosikia. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 silabi zisizo na maana, mfululizo bila kituo, kwa dakika 2 tu. Watoto wakatambua zipi huandamana.

Ningeishia hapo, kama isingekuwa Nikaragua. Watoto viziwi waliokusanywa katika shule za Managua kuanzia miaka ya 1970 walifundishwa Kihispania kwa kusoma midomo, na hawakufika mbali. Wakajiundia lugha yao ya ishara, na wadogo waliokuja baadaye wakaipa sarufi iliyopangika kuliko ya wakubwa wao. Huwezi kuhesabu usichopewa, kwa hiyo hapa Chomsky anapumua kidogo. Kidogo tu, kwa maoni yangu, maana watoto haohao walipokuwa kila mmoja kwao walikuwa na ishara za nyumbani tu. Kama sarufi walizaliwa nayo, ilingoja wenzao.