Kitabu cha uchawi kwa stori: dadangu anakataa, mimi nasema aandike

Kijana wa dadangu yuko form three, na hii likizo ameandika stori ya kurasa kumi na nne kuhusu msichana wa Nyalenda hapa Kisumu anayepata kitabu cheusi kwa sanduku la marehemu babu yake, na kila akisoma mstari mmoja kwa sauti kuna mtu mtaani anasahau jina lake. Mimi niliipenda sana. Mamake alifika katikati akaifunga, akasema hizo karatasi hazilali kwa nyumba yake. Tangu hapo tunabishana kwa simu karibu kila jioni, na nimeona niandike kwa sababu hoja zake ni nzito kuliko venye nilidhani.

Dadangu sio mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa primary 1994 wakati Rais Moi aliunda ile tume ya kuchunguza ibada ya shetani, Askofu Mkuu Nicodemus Kirima akiwa mwenyekiti, na anakumbuka vizuri venye watoto walikuwa wakiambiana usiokote pete, usifungue kitabu usichokijua, na kile Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, kitabu cha uchawi, kilikuwa kinatajwa kwa kunong'ona tu. Anachosema ni hivi: huku kwetu kitabu kinaaminiwa kabla hakijasomwa, sasa ukimwandikia mtu stori ya kitabu chenye nguvu atatoka kwa stori aanze kukitafuta sokoni.

Na ukweli ni kwamba hicho kitabu cha Musa kipo. Lakini Musa hakukiandika, kilichapishwa Stuttgart, Ujerumani, 1849, na mchapishaji anaitwa Johann Scheible, alafu kikavuka Marekani, kikaenda Karibi, kikafika Afrika Magharibi, na watu wakakinunua wakiamini ni siri walifichwa. Jina la nabii juu ya jalada lilitosha.

Kuna mfano mwingine unaomsaidia dadangu hata zaidi, na mimi mwenyewe ndio nilimpa. Mwandishi wa Marekani H. P. Lovecraft alibuni kitabu kinaitwa Necronomicon, miaka ya 1920, kitu ya kichwa chake tu. Alikipa mwandishi Mwarabu, Abdul Alhazred, jina ambalo mtu yeyote wa Mombasa angemwambia hapo hapo kwamba sio jina, maana Abdul haisimami peke yake bila jina la Mungu kufuata. 1927 akakiandikia mpaka historia, ati huyo Mwarabu alikufa Damascus mwaka wa 738 akiliwa mchana kweupe na kitu kisichoonekana, na nakala ziko kwa maktaba kubwa za Ulaya na Marekani. Wasomaji wakimwandikia kuuliza, alikuwa anawajibu wazi kwamba ni ya kubuni. Akafa 1937. Miaka arobaini baadaye, 1977, kitabu chenye hilo jina kikatoka New York kikiuzwa kama cha kweli, na mpaka leo kuna watu wanakitumia. Dadangu aliniuliza, kama huko wenye maktaba kila kona walishindwa kutofautisha, wa kwetu je? Sikuwa na jibu la haraka.

Lakini mimi nasema shida hapo haikuwa stori, shida ilikuwa mtu aliyechukua stori akaiweka dukani. Stori yenyewe ikiandikwa vizuri inafanya kinyume, inamwonya mtu. Chukua ile ya Misri ya kale, ya mwana wa mfalme Setne na kitabu cha mungu Thoth, ambayo iliandikwa kwa mafunjo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kitabu kimefichwa chini ya maji kwa sanduku ndani ya sanduku, la nje chuma, la ndani kabisa dhahabu, nyoka wakilinda. Naneferkaptah, mwana mwingine wa mfalme, anakipata, anasoma, anaanza kuelewa ndege wanasema nini. Alafu anakinakili, anaiyeyusha hiyo nakala kwa bia na maji, anakunywa. Nilipofika hapo nilisimama, kwa sababu hiyo ni karibu sawa na kombe la Pwani, aya zinaandikwa kwa zafarani kwa sahani, zinaoshwa, mgonjwa anakunywa. Na baada ya kunywa anapoteza mtoto, anapoteza mke, wote mtoni, mwishowe na yeye mwenyewe. Nani atatoka hapo akitamani hicho kitabu?

Kitu inanisumbua zaidi ni nyingine, na dadangu hakuitaja. Huku kwetu magharibi mwa Kenya nguvu haikukaa kwa kitabu. Gor Mahia, yule mganga timu ya mpira ilipewa jina lake, hadithi zake zote ni za maajabu ya mwili, kujigeuza mtoto, kujigeuza mzee, hakuna mahali anafungua ukurasa. Wale waita mvua wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore wanasoma miti, wadudu na upepo, na wamefanya kazi na watu wa idara ya hali ya hewa bila kuwa na msahafu wowote wa siri. Kitabu kililetwa na mishenari, shule yao ya Maseno imeanza 1906. Kwa hivyo kijana wetu akiandika kitabu cheusi kwa sanduku la babu, huyo babu alikitoa wapi? Ukiangalia, hata Wazungu huwa wanasema kitabu chao cha uchawi kimetoka kwa Suleimani, kwa Musa, kwa Waarabu, kila mtu anaogopa kitabu cha watu wengine, lakini angalau wanasema kimetoka wapi.

Hilo ndilo nililomwandikia kijana jana usiku. Sikumwambia aache, nilimwambia kwanza anieleze babu alikipata kwa nani na alilipa nini, na msichana naye asahau jina la nani anayempenda. Amejibu asubuhi: babu alikuwa mpishi wa mishenari, na mtu wa mwisho kusahaulika ni mamake huyo msichana. Nimemtumia dadangu hiyo sehemu, amesema ataisoma akitoka kazini.