Desemba, Nyumba Inadai

Miezi 11 nyumba hukaa kimya kama mkwe aliyekuja kutazama tu. Ukuta unabambuka, hausemi. Bati linaliwa na kutu, halisemi. Mlango unalia kila alfajiri, lakini kilio cha mlango nani akiwekee matanga? Sasa subiri sikukuu ya Uhuru ipite, tarehe 9 Desemba, shule zimeshafungwa, na simu ya kwanza iingie kutoka Dar: "Shikamoo kaka. Tunakuja wiki ijayo, tuko sita tu." Hapo ndipo nyumba inapofungua daftari. Kila ulichosema "inshallah kesho" tangu Januari kimo, tena na riba.

Mdai wa kwanza ni ukuta, na ndiye mwenye mdomo kuliko wote kwa sababu kila mpita njia anamwona. Mama watoto anasimama sebuleni, mkono kiunoni, wala haangalii ukuta, anakuangalia wewe. "Baba Mwana, wageni watakaa hapa?" Swali hilo halijibiwi kwa maneno. Linajibiwa kwa mfuko wa chokaa.

Na chokaa, jamani, kila mwanamume wa Tanga anadhani anaijua. Kwani ina nini? Unga, maji, brashi. Chokaa yenyewe inachomwa hapo Amboni, na brashi ni ya katani, ambayo ipo mkoani kwetu tangu 1893 Mjerumani alipoileta, tena miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Miche 62 ikazaa mashamba mpaka macho yanachoka, halafu wewe brashi moja ikushinde? Inakushinda, ndiyo. Inamshinda kila anayeamka saa 3 asubuhi, anachanganya saa 4, na saa 5 yuko juu ya kiti anapaka.

Chokaa inalowekwa usiku. Ndoo ya lita 20: tia maji kwanza, kisha mimina kilo 8 mpaka 10 za unga taratibu huku unakoroga, funika, lala. Ukianza na unga ukamwagia maji utapata mabonge kama ugali wa mwanafunzi wa bweni. Na kama umeuziwa chokaa ya mawe, ile hai ambayo haijazimwa, hapo hakuna mzaha kabisa: mawe ndiyo yanaingia kwenye maji, kidogo kidogo, uso ukiwa mbali, kwa sababu inachemka na kuruka. Asubuhi tia nusu kilo ya chumvi iliyoyeyushwa na nili kidogo, ncha ya kijiko tu, ili weupe uvutie ubluu badala ya umanjano. Wapo wanaotia nili pakiti nzima. Nyumba zao zinajulikana mtaani, huna haja ya kuuliza namba. Chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, omba ruhusa kwanza kuhusu ukuu wa hiyo kanga, kisha zimua mpaka iwe kama maziwa. Nimesema maziwa, sikusema mtindi.

Hapa kwenye maziwa na mtindi ndipo Desemba za watu zinapoharibika. Ukuta unausugua kwa brashi kavu, unaunyunyizia maji mpaka unywe, halafu unapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza. Ukitazama, hakuna kitu. Chokaa mbichi inaonekana kama maji; madoa yote yanakuchekea humo ndani. Mtu mwenye busara anashuka, anakunywa chai, anarudi baada ya saa kadhaa akaukuta ukuta umekuwa mweupe wenyewe. Lakini kidume chetu hakingoji. Kinaongeza unga kwenye ndoo, mara mbili, kinapaka zito kama siagi, ukuta unang'aa palepale, kinaita familia nzima ije kushuhudia. Mpigieni makofi, maana baada ya siku tatu itabambuka vipande kama maganda ya muhogo. Chokaa hukauka kwa kunywa hewa ukaa kutoka nje, na ukiipaka nene ile ngozi ya juu inafunga mlango, ndani inabaki vumbi tupu. Mikono mitatu myembamba, siku moja kati ya mkono na mkono. Chumba cha mita 3 kwa 3 ndoo moja inatosha mikono yote mitatu, usinunue kama unapaka Bomani.

Jua nalo. Hili joto la Desemba, kaskazi limeanza kuvuma, si la kupakia ukuta mchana. Maji yanaondoka kabla chokaa haijashika, inabaki unga unaofutika kwa kiganja. Ukuta wa magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki upakwe alasiri, kivuli kikupe nafasi. Mafundi hujipaka mafuta ya nazi mikononi wasichunike, na ukirukiwa jichoni usilifikiche, osha kwa maji mengi papo hapo, uendelee kuosha. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta usiupake chokaa hata kama mwenye duka anakula kiapo. Haushiki. Utakuwa umemvalisha mtu koti juu ya kitu kinachoteleza.

Halafu lipo lile eneo la chini, futi 2 kutoka sakafuni, ambalo halikubali kitu. Unapaka mwaka huu, linabambuka. Unapaka mwakani, linabambuka. Si uchawi wa jirani, mwacheni jirani apumzike. Ni chumvi. Mchanga ulikuwa wa pwani, au maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, na yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki inasukuma rangi kwa nje. Suluhisho la kidume ni plasta ya sementi, kwani kiwanda si kiko hapo Pongwe? Basi kwenye zile nyumba za zamani za Ngamiani, za fito na udongo, au za mawe ya matumbawe na chokaa, sementi inafanya kazi moja tu: inaziba njia ya unyevu kutoka. Unyevu unapanda juu zaidi kutafuta njia nyingine, na plasta yenyewe inakuja kuanguka kipande kizima, kwa kawaida mgeni akiwa amekaa karibu. Nyumba ya udongo na chokaa hutengenezwa kwa udongo na chokaa. Chumvi ifagie ikiwa kavu, usiioshe, maana ukiiosha umeirudisha ndani ikajipange upya.

Haya, bati. Kila mtaa una ngazi moja, na Desemba ngazi hiyo ina foleni kuliko zahanati. Mwenye ngazi anasalimiwa na watu ambao tangu Ramadhani walikuwa wanampita kama nguzo. Ukiipata, usipande kabla hujajua unaendea wapi. Maji yakidondoka juu ya kitanda, tundu haliko juu ya kitanda. Maji yanaingia kule, yanatembea juu ya papi, zile mbao zinazoshika bati, yanashukia penye raha yao. Mchana wa jua kali mtu mmoja aingie darini, atafute miale, na kila penye tundu apenyeze chelewa ya ufagio mpaka itokeze nje. Aliye juu atakuta nyumba imeota ndevu, na kila ndevu ni tundu.

Mara nyingi bati lenyewe halina kosa. Kosa ni la msumari: ile mpira ya chini ya kichwa chake imekaushwa na jua mpaka ikapasuka, au fundi alipiga msumari kwenye bonde la bati badala ya mgongo, yaani aliweka tundu pale pale maji yanapopita. Ng'oa, weka mrefu zaidi wenye mpira mpya, kwa sababu ule mfupi kwenye tundu la zamani hautashika. Na ukitembea juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, ndipo penye mbao chini. Kukanyaga katikati kuna watu walikwenda kuziba tundu la chelewa wakarudi na tundu la mguu. Ukinunua bati jipya usidanganyike na namba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kuna mabwana wanatoka dukani wanatamba wamechukua "ile kubwa, 32". Hewa ya bahari inawapokea kwa furaha.

Mlango unaokwama usiguswe na randa. Mbao imekunywa mvua za vuli, imevimba. Ukiiranda sasa, Februari ikikauka utakuwa na mwanya wa paka kupita bila kubisha hodi. Bawaba zitie mafuta ya cherehani, tone mbili tatu. Si mafuta ya nazi! Najua ndiyo yaliyo karibu. Yanaganda kama gundi, yanakusanya vumbi, na mlango uliokuwa unalia sasa unaguna.

Wageni wamefika. Karibuni, karibuni, ya kwenu. Watu sita, na kila mmoja ana nguo ya kupiga pasi, kila mmoja saa yake. Pasi ya wati 1,000 ikivuta mfululizo saa moja imekula yuniti moja. Watu sita dakika kumi kumi, hiyo yuniti imekwenda kabla hawajaenda kutembea Raskazone. Na si yuniti tu. Ukiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, yuniti 75 za mwezi zinakwenda kwa shilingi 100 kila moja kabla ya makato, na ukivuka hapo zinazozidi ni 350. Nyumba iliyoishi kwa adabu mwaka mzima inavuka mstari tarehe 22 Desemba kwa ajili ya shati la shemeji. Utamwambia nini shemeji? Dawa ni kukusanya nguo zote jioni, mtu mmoja anazipiga kwa mkupuo, nguo nzito kwanza, zile laini mwisho pasi ikiwa imezimwa na bado ina moto. Nani ataitangaza sheria hiyo sebuleni, hilo nimewaachia.

Friji nalo linatiwa sufuria ya pilau inayotoa moshi na maembe dodo ndoo nzima, kisha mlango unafunguliwa kila baada ya dakika 5 na mtoto anayetazama kama soda imepata baridi. Haijapata, kwa sababu unatazama. Na mpangaji usisahau, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Jengo la mwenye nyumba, luku yako. Mwenye nyumba umdai, mkatane kwenye pango, kama una moyo huo mwezi wa kuomba muda.

Gesi huisha mkesha wa Krismasi, tui la pili likiwa limeingia na la kwanza linasubiri. Ujinga, maana mtungi unasema mapema. Mwagia ubavuni maji ya moto kiasi, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapobadilika kuwa baridi ndipo gesi ilipoishia. Au upime: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, toa huo, kinachobaki ndicho chako. Ukifunga mtungi mpya paka povu la sabuni kwenye maungio, usipime kwa kiberiti, tafadhali, nyumba imetoka kupakwa chokaa.

Za shule sisemi sana, zinaniumiza kichwa hata kuziandika. Ada kwenye shule za serikali, mpaka kidato cha nne, ilifutwa 2016, Mungu awabariki. Viatu havikufutwa. Madaftari hayakufutwa. Mguu wa mtoto nao hukua Desemba, ukimya ukimya, akiwa peku, ili tarehe ya kufungua kiatu cha mwaka jana kiingie vidole vitatu. Pima mguu jioni, ndipo unapokuwa mpana, acha nafasi ya kidole gumba mbele. Ununue kabla ya Krismasi, kwa sababu baada yake hela haipo, na Januari ina siku 31 kwenye kalenda tu. Mfukoni ina 60.

Kalenda! Duka linakupa moja, msikiti unakupa moja, kanisa linampa jirani mbili analeta moja. Nne zote zinataka msumari, na ukuta wa udongo ukigongwa msumari unatema bonge kama ngumi. Zitundikeni kwenye fremu ya mlango.

Basi inafika tarehe 31 jioni. Watoto wamelala mikao ya ajabu kwenye mkeka, sahani zimeoshwa, upepo wa kaskazi unapita barazani, na kwa mbali baiskeli ya mwisho inakata Barabara ya 12. Unakaa kimya. Unaitazama nyumba. Hakuna tone linalodondoka, mlango unaguna kidogo tu, ukuta mweupe unapokea taa. Unaanza kujisikia mtu. Ndipo shemeji, suruali nyeusi, shati jeusi lililopigwa pasi kwa shilingi 350, anauegemea ule ukuta kwa raha zake zote, anapiga soga nusu saa, anainuka. Mgongo mzima ameondoka nao, na ukutani amebaki shemeji mwingine, wa kivuli, mabega na kila kitu. Mlipaka saa 7 mchana, si niliwaambia?

Kwa hiyo ndoo mliyobakiza msiimwage. Chokaa haiozi ikiwa chini ya maji. Mimina maji yasimame vidole vinne juu yake, funika mfuniko wa kubana, mwakani itakuwa laini kuliko mpya. Ila andikeni juu CHOKAA, kwa herufi kubwa, na ikae mbali na jiko. Mji huu wa maziwa, na mgeni wa alfajiri anayetaka kumsaidia dada chai hatawaamsha kuuliza.