Mwalimu wa Kihispania asiruke matusi

Anayefundisha Kihispania bila kugusa matusi anamwachia mwanafunzi shimo katikati ya njia. Sisemi mgeni afundishwe kutukana. Afundishwe kuyatambua akiyasikia, na zaidi ya hapo aonywe kuhusu maneno ya kila siku yanayogeuka matusi ukivuka mpaka.

La kwanza ni kitenzi coger. Mjini Madrid mtu husema "voy a coger el autobús", anakwenda kupanda basi, na mtoto hulisema hilo mbele ya bibi yake bila shida. Itamke sentensi hiyohiyo Mexico au Buenos Aires, na watakaosikia wataelewa kwamba unakwenda kufanya ngono na basi. Tiba ni nyepesi: sema tomar, linaeleweka kote. Concha nalo, Hispania ni kombe la baharini, tena ni kifupi cha jina la kike Concepción. Argentina, Uruguay na Chile ni tusi la nguoni. Na ukiwa sokoni Havana, papai liite fruta bomba, kwa sababu papaya huko limeshabeba maana ya uchi wa mwanamke.

Hispania hutukana pia kwa mambo ya kanisa. Hostia, mkate wa Ekaristi, humtoka mtu akijigonga kidole au akistaajabu. Hapo ndipo tafsida ya Kihispania inaponivutia: msemaji huanza na sauti ya tusi, kisha hukata kona. Kwa kuwa herufi h haitamkwi, hostia huanza na "os", naye humalizia ostras, yaani chaza. Mierda, mavi, huishia miércoles, Jumatano. Dios, Mungu, hugeuzwa diez, kumi. Kila mtu anajua lililomezwa, lakini hakuna aliyelitamka.

Mexico, neno la kuchunga ni madre. Tusi la mama ni zito huko kama lilivyo kwetu, hata mluzi wa milio mitano unatosha kulifikisha, na ngumi zikafuata. Hata hivyo "a toda madre" ni sifa, kitu kizuri mno! Mgeni asijaribu kupita katikati ya hayo mawili. Akitaka kumjulia hali mama wa rafiki yake, aseme "¿cómo está tu mamá?", maana "tu madre", hata kwa nia njema, huanza kunuka ugomvi.